Ndoo ya Barafu Iliyobaki Dukani

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Bochaberi alikuwa akibeba ndoo ndogo yenye kifuniko hadi dukani kwa Bi Mwanarusi, karibu na soko la Migori. Bi Mwanarusi alikuwa na friza kubwa na mdomo usiopumzika. Alimjazia msichana huyo barafu huku akimjaza na habari za mtaa: nani ameposwa, nani amehama bila kuaga, nani amegombana na mama mkwe. Bochaberi alipofika nyumbani, mama yake, Celestine, aliloweka leso kwenye maji ya barafu, akaikamua, akaizungusha shingoni, kisha akaenda sokoni kuuza ndizi.

Bila leso hiyo, jua la mchana lilimshinda. Miguu ililegea, macho yakaona ukungu, maneno yakamkwama mdomoni. Daktari alisema ana ugonjwa wa neva unaoitwa MS.

"Neva ni kama nyaya za stima," alimweleza Bochaberi. "Za mama yako zimechubuka ganda. Mwili ukipata joto, ujumbe haupiti vizuri. Ukipoa, unapita tena."

Bochaberi alielewa vizuri. Kilichomsumbua ni macho ya watu.

Ikafika wiki ya makambi ya kanisa, Wasabato wa mji mzima wakakusanyika katika hema kwenye uwanja wa shule. Kwaya ya akina mama ilipangiwa kuimba Sabato mchana, na Celestine ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kwa kuwa Wasabato hawanunui kitu siku hiyo, Bochaberi alipeleka ndoo Ijumaa, leso ikiwa ndani, ilale kwenye friza hadi asubuhi.

Jioni hiyo alimkuta Nyarangi, mwanafunzi mwenzake, kwenye bomba la maji.

"We Bocha, kesho mama yako atakuja na lile taulo linalochuruzika?"

"Si taulo. Ni leso."

"Haya, leso! Mama anasema anayumba sokoni mchana kweupe. Eti barafu ni ya kuondoa pombe kichwani!"

Wasichana wote kwenye foleni wakaangua kicheko. Bochaberi aliondoka na mtungi ukiwa nusu. Msabato kuambiwa mlevi! Usiku kucha maneno hayo yalimkereketa.

Asubuhi alifika hadi kona ya duka, akasimama, akageuka. Akarudi mikono mitupu.

"Ndoo iko wapi?" mama yake akauliza.

"Stima ilipotea upande wa sokoni, Mama. Barafu haikuganda."

Celestine akashusha pumzi. "Na nimewaahidi wenzangu. Labda kutakuwa na upepo." Akajimwagia maji ya mtungi kichwani, lakini hata kabla hawajafika uwanjani yalikuwa yamekauka.

Upepo haukuwepo. Ndani ya hema joto lilikuwa la jikoni, na sare ya kwaya ilikuwa ya kitambaa kizito. Celestine alianzisha wimbo vizuri. Katika ubeti wa pili sauti ikapotea njia. Mkono wake ukatafuta bega la jirani, ukalikosa, naye akaporomoka chini kama gunia.

Minong'ono ikaanza. Shemasi Mokeira, mama yake Nyarangi, aliinama kama anayetaka kusaidia. Lakini Bochaberi aliona pua yake ikisogea karibu na mdomo wa mama yake. Alikuwa akimnusa! Celestine naye aliona, akafumba macho.

Hapo Bi Mwanarusi akatokea mlangoni mwa hema akihema, ndoo kiunoni.

"Bochaberi, mwanangu! Nimekungoja mpaka nimechoka! Barafu imeganda kama jiwe, na wewe huonekani!"

Celestine alifumbua macho. Aliitazama ndoo, kisha akamtazama binti yake. Uso wa Bochaberi ulichoma kuliko jua lenyewe. Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini: nilisahau. Lakini Mokeira bado alikuwa ameinama pale.

"Stima haikupotea," Bochaberi alisema. "Niliiacha ndoo makusudi. Niliionea haya leso ya Mama. Lakini Mama hanywi pombe! Ni mgonjwa, joto humwangusha, na mimi nilijua!"

Watu wote wakabaki kumtazama, Bi Mwanarusi akafoka.

"Sasa mnatazama nini? Mpelekeni nje kivulini! Mfungueni vifungo!"

Walimbeba hadi kwenye baraza la darasa. Bochaberi aliibandua leso kwenye barafu, akailainisha kwa maji, akamfunga shingoni na kumpa maji kidogo kidogo. Mokeira alimpepea kwa kitabu cha nyimbo, bila kuinua macho. Taratibu ukungu ukaondoka, midomo ya Celestine ikapata nguvu.

"Kiti," alisema.

"Kiti?"

"Nileteeni kiti. Wimbo haujaisha."

Akaimba ameketi pale barazani, leso ikichuruzika mgongoni, na kwaya ikatoka hemani kumfuata. Alipomaliza, aliwaeleza watu ugonjwa wake, waziwazi, kwa mara ya kwanza.

Jioni Bochaberi alikuwa akifua leso, machozi yakidondokea kwenye beseni.

"Mama, walikunusa kwa sababu yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi nina langu. Sikuwaambia watu kwamba ninaumwa, nikawaachia nafasi ya kutunga habari zao. Lakini hao hawakuniangusha. Kilichoniangusha ni ule uongo wa stima, maana ulininyima kitu kinachonisimamisha."

Akanyoosha mikono, wakakamua leso pamoja, kila mmoja upande wake.

"Kuona haya kunampata kila mtu, mwanangu. Siku haya ikikushika tena, njoo uniambie ukweli, hata kama utaniuma. Tutatafuta njia pamoja. Lakini usiniache juani."