Sindano kwenye Maganda

Shemeji yangu amekufa, na marehemu hasemwi vibaya. Lakini nikianza kumsema vizuri nitamaliza kabla hujakaa sawasawa kwenye kiti, kwa hiyo niache nieleze yalivyokuwa.

Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa. Maisha yake yote alikuwa karani wa stoo, akitunza ndoo na mafagio, ila alipostaafu akataka aitwe Mkurugenzi. Wapangaji wenzake wakamwita hivyohivyo, kwa kumcheka, naye akaitika. Mwaka ule nilikuwa naishi nao, chumba cha nyuma, ghorofa ya chini.

Jumanne moja asubuhi dada alikuwa jikoni anamenya viazi. Jengo letu lilikuwa na utaratibu. Maganda na mabaki ya chakula, ndoo ya kijani, yakawe mboji. Chupa, makaratasi na plastiki, ndoo ya bluu, vikatengenezwe upya. Yasiyofaa kabisa, ndoo nyeusi, ya dampo. Mtoto wa chekechea angeelewa. Mkurugenzi naye alielewa, ila aliona hiyo ni kazi ya watu wadogo. Alikuwa na kisukari, akijidunga dawa kila siku, na sindano akiimaliza aliitupa kwenye ndoo iliyo karibu, yaani ya kijani, juu ya maganda. Dada akiiona, aliitoa. Asipoiona, ilikwenda.

Taka za jengo zima alizichambua mama mmoja mkimya, tukimwita Bi Glavu, maana alivaa glavu mbili zisizofanana, zote kuukuu. Asubuhi ile alibisha hodi, akaomba kumwona mzee wa nyumba. Hakuja na ugomvi. Alimweleza kwa adabu kwamba ameshachomwa mara mbili, na kwamba sindano huwekwa kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, zikarudishwa zahanati. Hata chupa yenyewe alimletea, ameiosha.

Mkurugenzi aliitazama ile chupa kama mtu aliyeletewa panya.

"Kazi yako kuchokoa," akamwambia. "Basi chokoa."

Bi Glavu aliiweka chupa kizingitini. Kisha akasema, sauti ya chini kabisa, "Sawa, baba. Nitachambua mpaka kisibaki cha kuchambuliwa."

Wiki mbili hazikupita, mkono wake ukavimba hadi kwenye kiwiko. Ijumaa akapelekwa hospitali. Jumapili tukaambiwa amefariki, sumu imeingia kwenye damu. Dada alilia kama amefiwa na ndugu. Mkurugenzi aliuliza nani sasa atatoa taka.

Jumanne iliyofuata, saa sita mchana, jua limewaka kweli, mimi na dada tulirudi kutoka sokoni tukafungua mlango kwa ufunguo. Shemeji alikuwa chumbani, anakoroma. Juu ya meza ya kulia palikuwa na taka zetu za wiki nzima. Mafungu matatu. Maganda peke yake. Makaratasi yamenyooshwa kwa kiganja. Chupa zimeoshwa, zimepangwa kwa urefu, na bado zilikuwa zinachuruzika maji.

Alipoamka alitugombeza sisi. Alisema wanawake wakikosa kazi hubuni visa. Dada alichukua kitambaa akafuta meza.

Jumanne ya pili zilirudi taka za zamani. Mswaki ambao shemeji aliutupa kabla sijahamia kwao. Soli ya kiatu chake cha kazini. Barua za mama yake mzazi, akimwomba dawa, alizozichana bila kuzijibu. Dada alizitambua, zilichanwa katika nyumba nyingine, miaka kumi iliyopita. Sasa vipande vilikuwa vimeunganishwa. Hapakuwa na gundi.

Siku hiyo shemeji hakugombeza mtu. Alikaa mlangoni mpaka jioni, ufunguo mkononi.

Jumanne ya tatu zilikuja sindano.

Zote. Mamia. Zimelazwa mezani mojamoja, safi, zinang'aa. Ncha zote zimeelekea mlango wa chumba chake.

Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nilimwona Mkurugenzi ameshika ufagio. Alizifagilia kwenye mfuko, akatoka nao nyuma ya jengo, kwenye banda la mapipa. Dirishani nilimwona akisita kidogo mbele ya mapipa. Kisha akazimwaga kwenye la kijani. Hata hofu haikumfunza kitu, mtu yule.

Akaingia ndani zaidi bandani. Hakutoka.

Tulingoja. Dada akaita. Tukaenda.

Nguo zake zilikuwa upande wa bluu, zimekunjwa. Vifungo vya shati kwenye kopo. Viatu huku, kamba zake kule. Miwani imevuliwa vioo. Yeye mwenyewe alikuwa uchi, ameketi katikati ya maganda, magoti yamegusa kidevu. Hakuwa na jeraha hata moja. Hakuwa na unywele hata mmoja. Wala ukucha.

Dada alimshika bega, akamsihi waende ndani.

"Niache," alinong'ona. "Bado hajaamua."

"Nani?"

"Hajaamua mimi ni wa fungu lipi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Tulimvisha, tukamrudisha nyumbani, akaishi siku kumi na moja akitazama dari. Daktari aliandika kwamba ni sukari. Angeandika nini kingine? Maziko yalikuwa mafupi. Wapangaji walikuja wachache, na hao wachache walikuja kwa ajili ya dada.

Godoro lake tulilianika juani siku mbili, likakauka kau. Tukatandika shuka jipya, dada akarudi kulala upande wake wa siku zote. Wiki haijaisha akaniita asubuhi, akaniambia niguse upande wa marehemu.

Nikaweka kiganja. Palikuwa na joto. Si joto la mwili wa mtu. Lilikuwa lile joto zito la lundo la mboji, linalotoka ndani, la kitu kinachooza taratibu. Shuka lilikuwa kavu. Jeupe pe.

Nikauondoa mkono. Kucha zangu zote tano zilikuwa zimejaa udongo mweusi.