Kaisari Aliyechongwa Mara Mbili

Siku ile nilikuwa najaza wali kwenye nyanya. Ilikuwa katikati ya Agosti, Roma nzima imekwenda baharini, na sisi tusio na pa kwenda tumebaki na joto letu mtaani kwetu Garbatella. Wifi yangu Fiorenza aliniachia binti yake Mirta, mtoto wa miaka minne, akasema anapita kazini mara moja tu, chakula cha mchana kitamkuta mezani. Mirta hana baba wa kumtegemea. Anaye mama huyo mmoja.

Kazi ya Fiorenza ilikuwa kuvitambua vichwa vya marumaru. Makumbusho yao madogo yana stoo iliyojaa makaisari waliovunjika pua, na lazima mtu aseme huyu ni nani na yule ni nani. Mimi nilidhani wanatazama sura. Alinicheka. Sura hudanganya, aliniambia. Unatazama nywele za kwenye paji, kishungi kwa kishungi, zinavyoachana na zinavyopishana, maana wachongaji wa zamani walinakili nywele kwa uaminifu kuliko kitu kingine. Halafu unazunguka nyuma. Kaisari akiuawa na kulaaniwa, jina lake lilifutwa kila mahali, lakini marumaru haitupwi. Kichwa chake kilichongwa upya kiwe cha mrithi. Uso ulipunguzwa kwa patasi, masikio na kisogo vikaachwa. Ukiona uso mdogo kati ya masikio makubwa, jua humo wamo wawili.

Asubuhi ile alikuwa anamalizia kichwa cha namna hiyo. Wa juu alishamjua. Alikuwa anamtafuta wa chini, yule aliyelaaniwa, akampata. Yaliyofuata alinieleza baadaye, mara moja tu, na hajarudia. Alilitamka jina la yule wa chini kwa sauti, mdomo wake karibu na sikio la jiwe. Watu wa kazi ile wana mazoea ya kuzungumza na vichwa. Jina lenyewe mimi siliandiki.

Nyanya zilikuwa zimeshaingia kwenye jiko la kuokea simu ilipoita. Alikuwa Fiorenza, ananong'ona. Akasema haoni mlango.

Nikamwambia awashe taa. Akasema taa zinawaka. Akasema vichwa vyote vimegeukia ukutani, anaona visogo tu, na kila anachokigeuza kina uso mdogo kuliko kilichotangulia. Cha mwisho hakikuwa na uso. Kilikuwa na masikio tu.

Nilizima jiko, nikambeba Mirta, nikakimbilia makumbusho.

Mlinzi wa zamu alikuwa mzee Ulderico, mjane ambaye mdomo wake haupumziki. "Wifi yako kahamia humo, signora," alisema akichambua funguo. "Simlaumu. Wanaume wasiokula, wasiokoroma. Hata mimi ningeolewa nao."

Nilimwambia afungue.

Stoo ile si kubwa. Ukisimama mlangoni unaiona yote: rafu pande tatu, meza, kiti. Mkoba wake ulikuwa mezani. Vichwa vyote vilitutazama sisi, kama kawaida yao. Yeye hakuwamo.

Simu nilikuwa bado nimeibana sikioni kwa bega.

"Nawaona," alisema. "Msiingie."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Nyuma yao."

Nyuma yao ni ukuta. Ulderico alinyoosha mkono, akaugonga ukuta kwa funguo. Ukuta mzito, hauna uwazi. Hakutania tena. Akavuta pumzi amwite, maana mtu wa Roma akipotelewa na mwenzake huita mpaka mtaa wa pili usikie, na mle simuni nikasikia sauti ya Fiorenza ikiharakisha.

"Wifi, mzee asinitaje. Yule niliyemtamka anasubiri kusikia jina langu. Alivae yeye, mimi nibaki bila."

Nilimziba mzee mdomo kwa kiganja. Kilinuka kitunguu saumu. Hakukitoa.

"Kuna mtu anasugua," alisema Fiorenza. Sauti ilikuwa nyembamba sasa. "Sioni mkono. Nausikia usoni."

Kisha mimi pia nikausikia msuguo. Taratibu. Kama mtu anayeparua magamba ya samaki.

Bila jina, unamwitaje mtu?

Mirta alichomoka mkononi mwangu. Akavuka kizingiti. Nilimkosa kwa kidole.

"Mama," alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyomwamsha asubuhi. "Mama, nina njaa."

Msuguo ukakoma.

Mama si jina la mtu mmoja. Nadhani yule wa chini hakuwa na la kushika. Taa hazikuzimika, hakuna kilichoanguka. Fiorenza alitoka kati ya rafu na ukuta, ubavu ubavu, mahali ambapo hata mkono wangu haupiti. Akamkumbatia mtoto, akatoka naye. Ulderico akafunga mlango, kisha akaenda kukaa nje juani, joto lote lile.

Nyanya tulizila jioni zikiwa zimepoa.

Fiorenza aliacha kazi ile. Sasa anauza tiketi kwenye bwawa la kuogelea, anakula, anacheka. Miwani yake inamteleza, imebidi ikazwe mara mbili. Amehamia kwangu na mtoto, kwa hiyo mimi ndiye ninayefua. Kila asubuhi kwenye foronya yake nakuta vumbi jeupe. Nilisema ni chokaa ya dari, nikaipaka dari rangi ya mafuta. Linaendelea. Ukilisugua kati ya vidole linakwaruza kama marumaru iliyosagwa. Nalikung'uta dirishani kabla hajaliona, na sijamwambia mtu.

Jana nilibadilisha matandiko ya Mirta, aliyeingia mle ndani kumtoa mama yake. Kwenye foronya kulikuwa na vumbi kidogo tu, kama chumvi ya kuonjea. Lilikuwa upande anaolaza shavu.