Nyemo na Usukani wa Ndege

"Ni wewe!"
"Si mimi!"
"Ni wewe, Nyemo!"
"Si mimi, kaka Lameki! Ni vumbi!"

Nje, upepo wa Dodoma ulivuma. Vuuu! Vumbi jekundu likaingia dirishani.

Kaka Lameki ana mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Ukivuta usukani, ndege inapanda. Ukisukuma, ndege inashuka.

Leo usukani umekwama. Kwaru! Kwaru! Ndege ikatumbukia ziwani. Chubwi!

Lameki akachungulia usukani. "Humu kuna unga mwekundu," alisema.

Nyemo aliujua unga ule. Asubuhi alirusha ndege kwa siri. Alirusha huku anakula ubuyu mwekundu.

Nyemo akafunga mdomo. Mm!
Ulimi mwekundu usionekane.

Mama akaja. Mama anapenda kufuma vitambaa. Redio ina kitambaa. Kochi lina kitambaa. Hata chupa ya chai ina kitambaa! Na usukani wa ndege una kitambaa cheupe, chenye maua.

"Mama, kitambaa chako kina matundu," alisema Lameki. "Vumbi limepita humo."

Mama akakiweka kitambaa usoni. Jicho lake likaonekana kwenye tundu.
"Nakuona mpaka pua, mwanangu," alisema. "Kweli, hakifai."

Mama akaketi. Akavuta uzi. Furu, furu, furu. Ua moja likafumuka.

Nyemo akafunga mdomo. Mm!
Ulimi mwekundu usionekane.

"Mimi nilidhani kinalinda," mama alisema polepole. Furu, furu, furu. Ua lingine likafumuka.

Nyemo akafunga mdomo. Mm! Lakini uso uliwaka kwa aibu. Machozi yakamtoka.

"Mama, acha! Usifumue!"

Nyemo akafungua mdomo. Aaa! Akatoa ulimi wote. Ulikuwa mwekundu, mwekundu!

"Ni mimi," alisema. "Si vumbi. Si kitambaa. Nilikula ubuyu nikirusha ndege."

Lameki hakucheka. Mama hakucheka.

"Na ukaniambia si wewe?" aliuliza Lameki.
"Ndiyo, kaka."

Lameki akachukua usukani na brashi ndogo. Akaingia chumbani. Mlango ukafungwa. Pa!

Nyemo akajificha nyuma ya kochi. Kutoka chumbani alisikia brashi. Swa, swa, swa. Alisikia kaka akipuliza. Fyuu! Alitaka kusaidia. Aliona aibu.

"Nyemo," aliita mama. "Toka huko, mama. Njoo uone."

Mama alishika kofia ndogo ya sufu. "Ulivaa hii ulipokuwa mtoto mchanga. Niliifuma kwa kubana. Haina tundu hata moja."

Nyemo akaiweka usoni. Hakuona kitu! Hakuona hata pua ya mama.

Nyemo akanawa mikono. Chwa, chwa, chwa. Akasukutua mdomo. Gurugurugu, puu! Mama naye akashika sindano, akaanza kuyafuma maua upya.

Chumbani, ndege ikanguruma. Nguuu! Usukani umepona!

Nyemo akasimama mlangoni. Moyo ulidunda. Du, du, du.

"Hodi," alisema.

Akabisha tena. Ko, ko!

"Hodi, kaka. Nisamehe. Nimeleta kofia ya usukani. Vumbi halitapita."

Mlango ukafunguka. Nyiii.

Kaka Lameki akaipokea kofia. Akaangalia mikono ya Nyemo, huku na huku. Akaangalia ulimi. Kisha akasogea pembeni, akasema, "Karibu, rubani. Ubuyu ubaki nje."