Rangi Ambayo Haijakauka

"Nani amefanya hivi?"

Chepkorir alikuwa amepiga magoti kwenye studio yake ya mabati pale Kitale, ameshika kipande cha turubai kilichobaki na jicho moja tu. Picha zake zote zilikuwa zimepasuliwa. Kwenye ile ya mwisho, uso wa Sifuna, patasi ilikuwa imeachwa imechomekwa kooni.

Kaka yake, Kipngeno, aliichomoa. Mpini ulikuwa na herufi S.

"Si hii ni ya huyo mchongaji wako wa Myanga?"

"Ni yake. Jana tuligombana kwa simu. Ati maonyesho ya Nairobi yatanipoteza. Alisema afadhali hizi picha zichomwe."

"Ati zichomwe?"

"Ni yeye, Kipngeno. Ni Sifuna."

Kipngeno alichukua rungu nyuma ya mlango.

"Anachonga na mkono gani?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Leo nauvunja."

Pikipiki ikawaka. Chepkorir angeweza kukimbia hadi langoni amzuie. Hata hakusimama.

Mchana akaja Kiragu, mtu aliyemuuzia picha zake mahotelini na ndiye aliyekuwa akipanga yale maonyesho. Aliwahi kumwomba waoane. Chepkorir alimjibu kwa upole kwamba moyo wake uko Myanga.

"Nimekutana na Kipngeno njiani, mrembo, ameniambia yote. Pole sana. Si nilikuonya kuhusu huyo mtu?"

Alimkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa. Kisha Kiragu akainua mkono kutazama picha iliyochanwa. Nyuma ya kiwiko, mahali ambapo mtu hajioni, shati lilikuwa na doa jekundu.

"Umeumia?"

"Ah, damu tu. Seng'enge ya nyumbani, asubuhi."

Chepkorir alipagusa. Kidole kikarudi chekundu, kinang'aa. Damu ya asubuhi ingekuwa imekauka na kugeuka kahawia. Akanusa. Mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi.

Picha zake nyingine alizichora kwa udongo aliouchimba kando ya barabara ya Suam, akausaga kwa jiwe na kuuchanganya na gundi ya mbao. Rangi hiyo hukauka kabla chai haijapoa. Ni uso wa Sifuna peke yake aliojaribu kuuchora kwa rangi ya mafuta, na hiyo hukaa mbichi siku nyingi.

"Kiragu, mara ya mwisho kuingia humu ilikuwa lini?"

"Jumapili. Si ulikuwepo?"

"Jumapili huu uso nilikuwa sijauanza."

Kiragu akacheka.

"Nilikuja jana jioni kukuomba tena. Sikukupata. Nikampata yeye hapo kwenye picha, ananiangalia. Mimi uliwahi kunichora?"

"Na patasi yake uliitoa wapi?"

"Kwa mkebe wako wa brashi, bana! Nilichukua kilichokuwa karibu. Mimi sikutaja mtu. Wewe ndiye umemtaja."

Sasa Chepkorir alikumbuka. Sifuna mwenyewe alimwachia ile patasi alipokuja kumtembelea, akwangulie rangi iliyoganda kwenye ubao. Alikuwa ameitumia mpaka akaacha kuiona.

Akaiwahi simu. Kiragu alimzaba kofi, simu ikaruka, akambana ukutani kwa koo.

"Wacha avunjwe," alinong'ona. "Ukikaa na mimi utasahau."

Mkono wa Chepkorir ulipapasa mezani, ukakuta jiwe la kusagia udongo. Alimpiga nalo sikioni. Kiragu akapepesuka. Akampiga tena, taya ikalia. Akaanguka juu ya turubai, na safari hii nyekundu iliyomtoka ilikuwa damu.

Majirani walioingia mbio walimfunga kwa waya wa kutundikia picha, wakaita polisi. Chepkorir alikuwa sakafuni, anamwandikia Kipngeno kwenye simu:

"SI SIFUNA. NI KIRAGU. USIMGUSE. Nakuomba."

Kipngeno hakujibu. Chepkorir akampigia Sifuna.

"Sasa, Chepkorir. Hasira imeisha?"

"Toka hapo! Kimbia! Kipngeno anakuja kukuvunja mkono!"

"Kipngeno? Si ndiye huyu anaegesha pikipiki. Ngoja nimsalimie shemeji."

"Sifuna, kimbia!"

"Karibu, she—"

Akasikia rungu likitua. Akasikia Sifuna akilia kama mnyama. Likatua tena.

*

Hospitalini Bungoma, mkono wa Sifuna ulikuwa umefungwa plasta hadi begani. Kipngeno alikaa kwenye korido, kichwa katikati ya magoti. Ujumbe aliusoma akiwa bado ameshika rungu.

"Uliona patasi," Sifuna alimwambia Chepkorir.

"Niliiona."

"Ulikumbuka ni nani alikuachia?"

"Sikukumbuka."

"Ungeniuliza tu. Simu moja."

"Ningekuuliza."

"Lakini hukuniuliza."

Chepkorir alilia. Sifuna hakumnyamazisha.

Plasta ilipotolewa, vidole viwili havikukunjika. Chepkorir alienda Myanga bila kualikwa. Karakanani kulikuwa na gogo la mzeituni mwitu, sanamu ya mama yake Sifuna, mabega yametoka, uso bado umo ndani ya mti. Kipngeno alikuwa tayari amefika, amepiga magoti, amelikumbatia gogo lisitikisike.

"Anakuja kila siku," Sifuna alisema. "Nimemfukuza, amekataa."

"Na mimi ukinifukuza nitakataa."

Sifuna alichukua patasi kwa mkono wa kushoto, akamwekea kiganjani.

"Usiishike kama brashi. Ifinye. Fuata nyuzi za mti, usizikate."

"Nikiharibu uso wa mama?"

"Utakuwa umeharibu. Tutachonga mwingine."

Chepkorir aliinua nyundo ya mbao. Ilitua kwenye kidole gumba chake, damu ikatiririka hadi kwenye gogo. Kipngeno akageuza macho. Hakuna aliyesema pole.

"Bado sijakusamehe," Sifuna alisema.

"Najua."

Sifuna akasogea nyuma yake, akaweka ule mkono uliovunjika juu ya mkono wake, mzito, bila nguvu.

"Gonga tena."

Akagonga.