Kosa la Herufi Moja

"Toka mlangoni kwangu, Raimundo! Rudi kwa mkeo!"

"Mke gani tena, Ofelia? Marehemu ana mwaka wa tisa kaburini!"

"Na huu ujumbe ameandika nani? Jirani?"

Ofelia Cantú akamsukumia simu puani. Raimundo Villarreal, fundi viyoyozi mstaafu wa hapa San Antonio, akavaa miwani na kusoma Kihispania alichotuma jana mwenyewe: "Samahani mpenzi, leo siji kwenye dansi. Nimeoa."

Jasho likamtoka. Mzee wa miaka sitini na tatu, jina la Kihispania, sura ya Kihispania, lugha hana! Baba yake alichapwa shuleni, palipotakiwa Kiingereza tu, kwa kuizungumza, akaapa wanawe hawataijua. Sasa Raimundo alikuwa na miezi minne katika darasa la parokia, na mwalimu ndiye huyu Ofelia, mjane aliyemnyima usingizi.

"Mwalimu, nilitaka kusema nimechoka!"

"Kuchoka ni cansado. Wewe umeandika casado!"

"Si herufi moja tu?"

"Herufi moja imenivimbisha macho! Nitaaminije?"

Raimundo akampigia dada yake, akaweka sauti ya juu.

"Delfina, mwambie Ofelia kama nina mke."

"Mke? Nani atamtaka anayekoroma kama trekta? Wifi, huyo anakariri vitenzi mpaka bafuni. Jumapili kaenda kaburini kwa baba, kamsomea barua nzima kwa Kihispania. Kalia mpaka mlinzi kamletea maji."

"Delfina, inatosha!"

Akakata. Ofelia akamsogelea.

"Ulimwandikia nini baba?"

"Kwamba sasa hakuna wa kutuchapa."

Ofelia akageuka, akajifuta macho kwa aproni.

"Ingia. Chakula kinapoa."

"Niingie kama mwanafunzi?"

"Ingia kama mchumba, mjinga wewe, kabla sijabadili mawazo."

Oktoba wakafunga ndoa parokiani, darasa zima likiwa kwenye mabenchi ya mbele. Raimundo alikataa kula kiapo kwa Kiingereza. Kila neno alilolikosea, bibi harusi akamsahihisha papo hapo.

"Mwalimu," padri akanong'ona, "mwache bwana harusi amalize."

"Padri, nikimwacha atajikuta amekuoa wewe!"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Raimundo akavuta pumzi, akaanza upya, polepole, hadi mwisho, bila kosa hata moja. Watu wakasimama kupiga makofi. Delfina, aliyekuja kucheka, alilia kuliko wote.