Mikono Isiguswe

"Mikono iko wapi, Fundi?"

Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mimi nje nikisubiri kusifiwa.

"Toka kwanza nikuone."

"Nimekuuliza mikono iko wapi."

Akatoka. Haki ya Mungu, sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Lilikuwa gauni la marehemu mama yake, rangi ya matofali, pana kama shuka. Nilikuwa nimelibana kiunoni, nikapandisha pindo hadi juu ya vifundo vya miguu, na mabega yote mawili nikayaacha wazi, kama mtindo ulioshika mji mzima mwaka ule. Hilo ndilo gauni ambalo angelivaa Jumamosi kufunga ndoa na mimi mbele ya msajili.

"Mabega wazi ndiyo habari ya mjini," nikamwambia.

"Mimi si habari ya mjini. Mimi nafundisha chekechea."

"Mpenzi, jitazame kwenye kioo."

"Nimejitazama. Nilikuomba unibanie kiuno na upandishe pindo, nipendeze kama wenzangu huku nikibaki mimi. Mikono uiache ilivyo. Sikukuambia?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la mkasi.

"Hukuniambia."

Hakubisha. Alikwenda mezani, akafungua daftari langu la vipimo ambalo kila mteja ana ukurasa wake. Akausoma wake kwa ile sauti anayowasomea watoto:

"Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na nane. Mikono isiguswe." Akanigeuzia daftari. "Umepiga na mistari miwili chini yake. Huu ni mwandiko wa nani?"

Nikaviringisha futi yangu kidoleni.

"Wa nani, Fundi?"

"Wangu."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilitaka watu wakikuona waulize nani kakushonea."

"Sawa. Ilete hiyo mikono, uirudishie."

Kila Jumatatu Mzee wa Mito hupita kwa mafundi kukusanya mabaki ya vitambaa. Huyachana, akajazia mito ya kulalia. Na siku ile ilikuwa Jumanne.

"Imeshaondoka," nikasema.

Akarudi nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa na nguo zake za kazini, zenye vumbi la chaki kiunoni. Gauni akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti, akaondoka bila hata kubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Jioni simu ikaita. Alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu afiwe.

"Baba, umemfanya nini mtoto? Amejifungia chumbani."

"Mama mdogo, ni mikono ya gauni tu."

"Tu?" Akavuta pumzi. "Dada yangu alikuwa anauza mboga, unalijua hilo. Akienda sokoni ana kikapu huku na kikapu huku. Mtoto atashika wapi? Alikuwa anashika ncha ya mkono wa gauni, huu wa kushoto, mpaka wanavuka barabara. Ikachanika. Dada akaishona kwa uzi wa bluu, ndio aliokuwa nao. Ulipokuwa unakata hukuuona huo uzi?"

"Niliuona."

"Ukasemaje?"

"Nilisema unaharibu gauni."



"Basi mama mdogo usiniite kwanza," akasema, akakata simu.

Mimi nikiumia huwa naandika. Nikamtumia Mwalimu ujumbe:

*Jana ningeirudisha, mkasi ningeutupa,*
*Kosa linanikondesha, nimebaki na mifupa.*

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: *Vina vimekaa sawa. Lakini mimi nilikuambia kwa maneno ya kawaida na hukusikia.*

Nililisoma mara nyingi. Sijawahi kupigwa hivyo na mtu ambaye hajanyanyua mkono.

Asubuhi nikaenda kwa Mzee wa Mito. Alikuwa amekaa juu ya gunia, anashona mdomo wa mto.

"Mzee, shikamoo. Naomba nifumue mito yako."

"Marahaba. Mingapi?"

"Yote uliyojaza tangu juzi."

"Kumi na tisa? Unatafuta dhahabu, kijana?"

"Natafuta mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa mama mkwe."

Akanitazama kama anayepima homa kwa macho. Nilipomweleza, akaweka sindano chini.

"Fumua. Lakini utaijaza na kuishona mwenyewe."

Nilifumua mito kumi na minane bila kupata kitu, nikipiga chafya, nyusi zimejaa nyuzi. Mkono wa kulia niliukuta mzima, chini ya rundo ambalo hajalichana bado. Wa kushoto ulikuwa ndani ya mto wa kumi na tisa, umechanwa vipande vyembamba kama tambi za taa. Nilivipangua kimoja kimoja hadi nikapata kipande cha upana wa vidole viwili, chenye uzi wa bluu.

Nikamwandikia Mwalimu: *Nimepata mmoja, na kipande kidogo cha wa pili. Njoo uniambie nifanye nini. Sitashika mkasi kabla hujaja.*

Alikuja Ijumaa baada ya shule. Hakuutazama ule mkono mzima. Alichukua kile kipande, akapitisha kidole gumba juu ya uzi, akakifumba kiganjani.

"Nikushonee hicho wapi?" nikauliza.

"Hiki hakishonwi popote." Akavuta kiti karibu na cherehani. "Mkono wa kulia urudishie. Usiupunguze."

"Usiupunguze," nikarudia.

"Bega la kushoto libaki wazi."

"Libaki wazi. Watu watasema ni mtindo."

"Waache waseme."

Nikashona. Kila hatua nilimuuliza, kila alichosema nilikirudia, na sikuongeza langu hata moja. Alikuwa karibu kiasi cha mimi kusikia harufu ya chaki kwenye nywele zake. Kwa mara ya kwanza nilishona nguo yake, si yangu.

Alipolivaa na kusimama mbele ya kioo, upande mmoja mkono mpana ulimwangukia hadi vidoleni, kama wa mama yake. Upande wa pili bega tupu. Alipendeza. Alinyoosha mkono wa kushoto kidogo, kama mtoto anayetafuta pa kushika, akaushusha.

"Umelipatia," akasema.

"Mwalimu, nisamehe."

"Gauni nimekusamehe. Uliposema sikukuambia, nilijiona kama kichaa ndani ya duka lako. Nikajiuliza, nyumbani ambako hakuna daftari, nitafungua nini?"



"Kesho utalivaa?" nikauliza.

"Kesho nitalivaa."

"Nikufuate saa ngapi?"

"Naenda kaburini kwa mama. Peke yangu." Akachukua mkoba. "Kwa msajili nimeshapiga simu, wasitusubiri."

Aliondoka na gauni mwilini, ngumi ya kushoto imefumbwa. Nilimtazama hadi kona. Akasubiri magari yapite, akavuka.

Nikafungua daftari kwenye ukurasa wake. Chini ya *Mikono isiguswe*, pale ninapoandikaga kazi ikiisha, nikaandika neno lile lile ninalowaandikia wateja wote: *Amechukua.*