Mbeleko ya Kishindo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Uzi alipasha maji, akalowesha taulo kuukuu, akalikamua, kisha akaikanda miguu ya nyuma ya mbwa wake. Baada ya hapo aliikunja na kuikunjua taratibu, kama daktari wa mifugo alivyomwonyesha. Mbwa huyo aliitwa Kishindo kwa sababu zamani hakuweza kupita mlangoni bila kuangusha kitu. Sasa alilala ubavu na kumtazama tu. Hakulia wala hakuvuta mguu. Ilikuwa kama kukunja mikono ya shati.

Kishindo aligongwa na pikipiki alipokuwa akimfuata Uzi dukani. Mifupa iliunga, lakini miguu ya nyuma haikuamka.

"Misuli isipofanya kazi husinyaa," daktari alisema. "Mkandeni, mnyoosheni, msimamisheni. Mleteni tena mwisho wa mwezi. Asipoweza kujibeba hata kidogo, itabidi tuzungumze jambo jingine."

Daktari hakulitaja jambo hilo. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, kaka yake Uzi alilitaja: sindano ya kumlaza mbwa asiamke tena.

"Si ukatili," kaka alisema. "Unafikiri anafurahia kujiburuta kama gunia?"

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na Uzi, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alikuwa amejifunza kushona akiwa bado mdogo. Aliokota vipande vya blanketi chini ya meza ya kukatia, akavijaza sponji, akashona mbeleko pana ya kupita chini ya tumbo la mbwa. Mikanda yake aliifunga kwenye ukingo wa meza. Kishindo akawekwa ndani, na miguu yote minne ikagusa sakafu. Alikuwa amesimama!

"Mshono huu hata mimi sikuufikia nikiwa na umri wako," mama alisema akiupapasa.

Muuza maziwa alipopita, alicheka mpaka akaweka dumu chini. "Mama Uzi, hili gauni la manyoya mwenyewe bado hajaja kulichukua?"

"Cheka tu, mjomba," Uzi akamjibu. "Subiri akukimbize wewe na baiskeli yako."

Basi kila asubuhi na kila jioni Kishindo aliwekwa kwenye mbeleko. Wakati mwingine, akikanda, Uzi alihisi mapaja yamekuwa membamba zaidi chini ya vidole vyake. Alijiambia ni manyoya tu yamelala. Hakumwambia mtu.

Mwisho wa mwezi Uzi na mama walimpeleka kliniki. Chumba kilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Uzi aliifunga mbeleko kwenye meza ya chuma, akamwingiza mbwa ndani.

"Shikamoo, daktari. Tazama, anasimama!"

"Marahaba. Hebu tuone."

Daktari alichutama. Kisha alichukua karatasi, akaipenyeza chini ya mguu wa nyuma, akaivuta. Ikatoka bila kukunjamana. Akafanya hivyo kwa mguu wa pili, ikatoka vilevile. Alipoivuta chini ya mguu wa mbele, karatasi ilichanika.

"Umeona, binti?"

Uzi aliona, ila hakutaka kuelewa. Daktari akafungua mkanda. Nusu ya nyuma ya Kishindo ikaporomoka sakafuni kama nguo mbichi iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

"Mbeleko hii imeshonwa vizuri mno," daktari alisema kwa upole. "Inambeba mbwa mzima. Miguu haikuombwa chochote. Na mimi nina sehemu yangu ya kosa: niliwaambia mumsimamishe, sikuwaambia namna." Akabinya vidole vya miguu, kimoja kimoja. "Mama Uzi, sikufichi. Mguu wa kulia umekufa. Wa kushoto una uhai kidogo, kidogo sana. Tujaribu wiki chache. Toeni sponji yote, legezeni mikanda mpaka apepesuke. Akianguka, msikimbilie kumwinua."

"Atalia," Uzi alisema.

"Atalia. Na wewe utalia."

Nyumbani, Uzi alifumua kwa wembe mshono uliosifiwa. Kishindo alianguka asubuhi, akaanguka jioni. Kidevu kiligonga sakafu. Kila Uzi alipotaka kumkimbilia, mama alimzuia kwa mkono. Kaka alianza kutoka nje wakati wa mazoezi. Muuza maziwa naye aliacha utani, na hilo lilimwumiza Uzi kuliko utani wenyewe.

Alasiri moja Uzi alikaa chini, akaegemea ukuta. "Mama, kaka alisema kweli. Tumpeleke tu."

Mama alisimamisha cherehani. "Ukitaka tumpeleke, tutampeleka, mwanangu. Sitakulazimisha. Lakini zoezi la leo bado hajafanya."

Akafunga mikanda mwenyewe, akailegeza kuliko siku zote. Kishindo akaanguka. Uzi alikalia mikono yake. Mbwa alilia, akamtazama Uzi, akamtazama mama. Hakuna aliyekwenda. Mwishowe alikaza miguu ya mbele, akauvuta mguu wa kushoto chini ya tumbo, na kiuno kikaanza kuinuka. Mguu ulitetemeka. Mikanda ilikuwa imelegea kabisa, haikubeba kitu. Alisimama kwa muda wa pumzi moja, kisha akaanguka tena.

Hawakushangilia. Mama alifuta macho kwa kipande cha kitambaa, kisha akarudi kwenye cherehani.

Daktari alipomwona tena, alisema, "Hatakimbia kamwe. Atachechemea maisha yake yote, na uzee utamwahi. Lakini anajibeba. Lile jambo jingine tuliache."

Jioni hiyo Uzi alimuuliza mama, "Nilijua mapaja yanakonda, nikanyamaza. Nilimpenda, halafu nikamharibu?"

"Ulimpenda," mama alisema. "Ila ukiona kitu hakiendi sawa, sema, hata kama kazi ni yako na watu wanaisifu. Mguu ule wa kulia hatutaupata tena. Na jambo la pili: nikishona sare ya mtoto, naacha pindo ndani, ili apate pa kukulia. Msaada nao ni hivyo. Fanya sehemu yako kwa bidii yote, lakini sehemu ya mwenzako mwachie, hata kama kumtazama kunakuuma."

Mlangoni, Kishindo alijaribu kuvuka kizingiti, akateleza, akaanguka. Kaka aliruka kwenda kumshika mbwa. Uzi akamshika kaka. Wakasimama wote wawili, wakimsubiri.